Koko wa ku Robine

Ninyi vijana munaoingia mu parseli yetu, huu uwanja na nyumba zake, hapa Mabanga kumuuliza mjukuu wangu namna ya kuishi kwa kuchekesha watu, ninawaona. Munakuja na simu mukononi, munakaa ku kibaraza changu, munamuuliza alianzia wapi, alimujua nani, alifanya nini mupaka watu wakamuita. Anawajibu kwa upole, ana moyo muzuri kuliko mimi. Mimi hakuna anayeniuliza. Munasema, "Jambo koko," ndiyo nyanya, kisha munanigeuzia mugongo. Basi nimeamua kuandika. Shule yangu ni ndogo, niliacha mara tu nilipojua kusoma na kuandika, makosa mutayavumilia. Aibu niliyoisikia mimi sitaki nyanya zenu waisikie, ndiyo sababu ninawaambia.

Mujue kwanza namna mji wetu unavyofikiri. Huku Goma, mutu akipita asubuhi amevaa jile, kile kizibao chenye mifuko mingi, na baji inaning'inia shingoni, hakuna anayemuuliza anatumika wapi. Ni mutu wa ONG, wale wa misaada, kwisha. Mwenye duka anamukopesha. Bamama wenye mabinti wanamusalimia mara mbili. Hata leo, ambapo ONG nyingi zimefunga mageti yao na kazi inatafutwa kwa tochi mchana, baji inabaki baji.

Mjukuu wangu ni mutoto wa kwanza wa kijana wangu. Alimaliza sekondari akakaa nyumbani, akanisaidia kuuza maharagi, akaimba mu korali ya misa, akacheza teatre ya kuigiza na vijana wa parokia siku za Noeli. Asubuhi moja nikamuona anatoka na jile ya bluu.

"Unaenda wapi hivyo?"

"Ku servisi, koko."

"Servisi gani?"

"Ya maji. Tunaongeaka na watu ku marobine, juu ya maji na magonjwa."

"Na wanawalipa?"

"Kidogo kidogo, koko."

Nikafanya ishara ya musalaba, nikamwambia achunge baji isianguke mu choo. Sikuuliza tena.

Hakunidanganya. Ni kweli alikuwa anaongea na watu juu ya maji. Ila alikuwa anaongea kwa muchezo: yeye na wenzake walikuwa kikundi cha teatre, na ONG iliwapa jile na baji ili wapite mu makartie ya mji, robine kwa robine, wakichekesha watu waliokuja kuchota maji bombani, na katika kucheka watu wakubali kutia dawa mu maji. Neno hilo moja, teatre, hakulisema, juu aliogopa nitasema kuchekesha si kazi. Na kweli ningesema. Lakini ninyi musifanye kama yeye. Mutu wa kwenu akikuuliza unafanya kazi gani, umuambie mupaka mwisho, hata kama atakunja uso. Ukiacha nafasi, ataijaza na anachokitamani.

Mimi niliijaza. Mu shirika letu, zile familia za avenu yetu tunaosali pamoja kila wiki, nilisimama wakati wa maombi nikamushukuru Mungu kwa mjukuu aliyeingia ONG. Wiki iliyofuata nikamushukuru tena, sauti ikiwa juu kidogo. Wiki nyingine nikasema kwamba vile ninavyomuona, atakuwa anaongoza watu, maana mutu asiyeongoza hatoki asubuhi na haraka vile.

Prezidante wa shirika ni mama wa umri wangu. Tulitoka wote upande wa Bukavu, tunajuana tangu tukiwa na meno yote. Ana kijana wa mwisho anayekaa bila kazi. Akanivuta pembeni.

"Mama, mimi na we tumekula chumvi pamoja. Mutoto wako anaweza kumupa wangu hata kazi ya kufungua mulango?"

Nilimuuliza mjukuu. Akashituka. "Koko, mimi si mukubwa kule."

Nikaona ni unyenyekevu. Nikamwambia prezidante: huyu hawezi kujisifu, twende wenyewe tumuone mukubwa wake. Nilijua siku hiyo wanatumika ku robine ya Murara. Na kwa kuwa kwa mukubwa hauendi mikono mitupu, nilikamata kuku wangu jike, ule mweupe, nikamubeba kwapani.

Njiani prezidante alikuwa amevaa kitenge cha misa. "Mukubwa wao ni mweusi ao muzungu?"

"Sijui. Kuku anakuliwa na wote."

Tukacheka. Ninaandika hii ili mujue tulikuwa na furaha gani.

Kabla ya kufika tulisikia kicheko. Bidoni za manjano za kuchotea maji zilikuwa zimepangwa juu ya mawe ya volkano, wenyewe wameziacha, wamefanya duara. Prezidante, mufupi kama mimi, akajipenyeza na kiwiko, nami nyuma yake na kuku.

Katikati ya duara kulikuwa kijana wa jile ya bluu ameshika chupa ya dawa ya maji, na mama muzee ameinamia bidoni yake kama mutu anayechunga mutoto asiibiwe.

"We ni mutoto wa nani?" mama muzee anamuuliza. "Nilianza kunywa maji ya ziwa mama yako hajaota meno. Toa mukono yako ku bidoni yangu. Utaniharibia chai!"

Watu wakaanguka kwa kucheka. Prezidante akapiga makofi. Mimi nilicheka pia, ninakiri, nikasema moyoni: huyu mama ana akili, ile dawa inaharibu chai kweli.

Kisha mama muzee akakaa juu ya bidoni, akatoa rozari, akafunga macho. "Salamu Maria, umejaa neema... we mbuzi, toka ku sombe yangu! ... Bwana yu nawe... nani amekalia kiti ya wageni? ... umebarikiwa... mukamwana, sufuria inaungua ao pua yangu ndiyo inaungua?"

Baba mumoja alikuwa anajipiga magoti akisema ni mama mukwe wake huyu, mama mukwe wake kabisa, nani amemuleta hapa. Prezidante alikuwa anajipangusa machozi. "Yesu wee! Huyu mama ninamujua! Mama, si tunamujua huyu?"

Akanigeukia. Uso wake ukabadilika polepole. Akaangalia mama muzee, akaniangalia mimi, akaangalia tena kule.

"Mama..."

"Nyamaza," nikasema.

Nilikuwa nimekiona kitenge. Kitenge changu cha kahawia chenye ndege wa manjano, ambacho kilipotea ku kamba ya nguo. Kwa ajili yake nilikuwa nimemusemea mukamwana wangu, muke wa kijana wangu, maneno mabaya mbele ya majirani, nikisema anavalisha dada zake mali yangu. Kilikuwa pale, kimefungwa namna ninavyofunga mimi, fundo upande wa kushoto juu ya kiuno kinachoniuma. Na sauti ilikuwa yangu. Mutu hajui sauti yake mupaka aisikie ikitoka mu kinywa cha mwengine. Sikujua kwamba ninakwaruza hivyo.

Kuku akapiga kelele. Nadhani nilimubana.

Mjukuu wangu, maana yule mama muzee alikuwa yeye, akageuka upesi, bado akiigiza. "Na huyo kuku naye anakataa dawa?" Watu wakacheka. Kisha macho yake yakamufikia mwenye kuku.

Akabaki kinywa wazi. Mwenzake akamungojea, watu wakangojea. Nilifikiri ataacha, atakuja kupiga magoti mbele yangu, na ndicho nilichotaka. Alimeza mate. Akamugeukia kijana wa chupa, akasema kwa sauti yangu, ile ile, ila chini kidogo: "Basi tia dawa, mutoto. Lakini chai yangu ikiharibika, nitakuja kunywa ya kwenu." Watu wakapiga makofi, wakasimama mustari, kila mumoja na bidoni yake wazi.

Tuliondoka. Nyuma yangu niliwasikia watoto wakiigiza: "Toa mukono yako ku bidoni yangu!" Wakamuita Koko wa ku robine. Kumbe alikuwa na jina tayari.

Prezidante alivumilia mupaka karibu na soko. "Sasa kuku?"

"Kuku nini?"

"Tunarudi naye?"

Tulirudi naye. Wote waliotuona tukienda nilikuwa nimewaambia ninampelekea mukubwa wa mjukuu wangu, na wote walikuwa wangali ku vibaraza vyao. "Mukubwa alikataa?" mumoja akauliza. Nikaongeza mwendo. Kuku mweupe anaonekana kutoka mbali.

Jioni mjukuu aliingia kichwa chini, kitenge kimekunjwa mikononi. Mukamwana wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alikiona kitenge, akaacha kutwanga. Akanitazama, akaendelea kutwanga. Angenitukana ingekuwa afadhali.

"Koko, unisamehe," mjukuu akasema.

"Nani alikupa ruhusa ya kunibeba ku barabara?"

"Si wewe unasemaka mjukuu ni mutani?"

"Mutani wa hapa! Ndani ya parseli hii unaweza kuniita hata mbuzi muzee, tutacheka. Utani una nyumba yake. Ukiutoa inje, mbele ya watu ambao hawajakula ku sahani yangu, ni matusi."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akaniambia jambo lililobaki, mupaka mwisho safari hii. Siku ya ine, ndiyo Alhamisi, wiki mbili mbele, watu wanaotoa kazi wangekuja Murara kuangalia vikundi. Walitafuta kikundi kimoja cha kuzunguka Kibati na vijiji vya barabara ya juu, kazi ya miezi, yenye mapatano. "Kikundi yetu inajulikana juu ya yule mama, koko. Kama hayuko, watachukua wengine. Na mimi nitarudi ku maharagi."

"Maharagi imekufanya nini? Si ndiyo ilikusomesha?"

"Ndiyo, koko."

"Basi tafuta mama mwengine. Sauti yangu uiache. Na kitenge lete."

Akanipa. Nilikiweka chini ya godoro langu kama mutu anayeficha mwizi.

Shirika sikuenda. Nilisema kiuno. Wiki nyingine tena, kiuno. Ku soko niliuza bila kuinua macho, na muteja akicheka na mwenzake, nilijua wananicheka mimi. Mutu mwenye aibu anajiona mukubwa sana, anafikiri mji wote hauna kazi nyingine.

Prezidante akanifuata nyumbani. Nilijitayarisha kwa masimango. Alikaa ku kiti cha wageni, akakataa chai.

"Unajifungia kama bibi arusi. Kiuno gani inauma siku ya shirika tu?"

"Ulikuja kunicheka, cheka uende."

"Kukucheka we? Mimi ndiye mwenye kulia. Ile rozari, mutoto wako amenichukua mimi!"

"Wewe?"

"Nani anafukuza mbuzi mu sala? Ni mimi! Siku alipokuja kuniletea mafuta, nilikuwa ninasali, nikamufukuza mbuzi mbele yake. Alinitazama, nikajua ataniweka mahali."

"Prezidante, mbuzi ni yangu. Kiti ya wageni ni yangu. Sufuria ni yangu. We hauna hata mukamwana!"

"Lakini mbuzi..."

"Mbuzi ni yangu!"

Mukamwana alikuwa nyuma ya nyumba. Nilisikia amejifunika kinywa. Sikujua kwamba ninaweza kugombania aibu yangu kama mutu anayegombania shamba.

Prezidante akaweka sauti chini. "Nilipita tena Murara jana. Wanaye mama mupya. Anatetemeka na fimbo, anakohoa. Watu walichota maji yao wakaenda. Mutoto wako alibaki anamuongelesha hewa." Akasimama aende. "Nilisikia huruma."

Alipoondoka, nilitoka nyuma. Mjukuu alikuwa anafanya mazoezi karibu na ukuta, peke yake, na huyo mama wake mupya. Mugongo umeinama mupaka karibu ya magoti, fimbo, kikohozi. Kila mara anakatiza, anaanza tena. Niliangalia, nikashindwa.

"Fimbo ya nini?"

Akashituka. "Ni muzee, koko."

"Muzee gani? Mwanamuke aliyebeba mizigo hainamii mbele hivi, ataanguka. Anainama kutoka hapa." Nikamuonyesha kiuno changu. "Na hakohoi. Akikohoa, watu watasema ni mugonjwa, watamuhurumia. Nani anacheka mutu anayemuhurumia? Yule mama haombi huruma. Anaamini ana haki."

Nilipomaliza kusema nilijisikia nimevuliwa nguo. Juu nilikuwa nimesema wazi kwamba ninamujua yule mama, na kwamba ile dawa ya maji ninaikataa kila asubuhi, na kwamba ni kichwa kigumu tu, chai ni kisingizio. Wakati mjukuu wangu anasimama ku jua kuomba watu watie dawa ili watoto wao wasiharishe, mimi nyumbani nilikuwa ninamwaga bidoni aliyoitia dawa yeye. Alijua. Hakunishitaki kwa baba yake. Jambo hilo alilipeleka ku robine, akalifanya muchezo.

"Koko," akasema, "ninaweza kukuomba?"

Hilo ndilo neno lililopaswa kutangulia. Ninyi munaofanya kazi hii, mutachukua watu, siwakatazi, hamuna duka lingine la kununulia. Lakini mutu wa nyumba yako umuombe kwanza. Akikataa, ungoje, uombe tena. Mutu aliyeombwa anaweza hata kukuonyesha mahali fimbo imekosea.

"Omba," nikasema.

Akaomba. Nikampa sauti na kitenge kwa sharti moja: ukianzisha Salamu Maria mbele ya watu, uimalize mupaka Amina, hata mbuzi akila sombe yote. Akasema watu watachoka. Nikasema basi ujue namna wasichoke, si ndiyo kazi uliyoichagua? Alijaribu pale pale. Alisali mupaka mwisho, akifukuza mbuzi kwa mukono tu, kwa mguu, kwa macho, bila kuacha maneno, na nilipaswa kugeuza uso asinione nikicheka.

Kisha nilimuita mukamwana wangu. Mbele ya mume wake na watoto wake nikasema kitenge hakikuibiwa, na niliyoyasema kwa majirani nitarudi kwao kuyafuta. Alisema, "Haina neno, mama." Ilikuwa na neno. Sikuweza kumutazama, nilitazama kinu.

Siku ya ine sikuenda Murara. Niliogopa kuku wangu wa roho apige kelele tena. Nilirudi mapema kutoka soko, nikakaa ku kiti cha wageni, mahali ambapo sikaagi, juu kutoka pale unaona geti. Nilifikiri juu ya kitu kimoja: namna alivyomeza mate siku ile akaniona na akamaliza muchezo. Nilikuwa nimekiita kiburi. Lakini mimi mwenyewe, siku walipoleta habari ya kifo cha mume wangu ku soko, nilikuwa ninapimia mutu maharagi. Nilimumalizia kopo lake, nikafunga mufuko, ndipo nikalia. Hakuna aliyenifundisha. Yeye pia, labda aliniona mahali.

Geti ikalia. Kabla sijamuona, nikasikia sauti yangu: "Nani amekalia kiti ya wageni?"

Nikasimama. Mimi mwenyewe, muzee wa nyumba, nikasimama wima kama mutoto aliyekamatwa. Na watoto wote wakacheka, na baba yao, na mukamwana akacheka wazi safari hii. Ndivyo tulivyojua kwamba kikundi chake kimechukuliwa.

Sasa anaamka kabla ya jua, anaenda Kibati. Musifikiri aibu imeisha. Ku soko kuna watoto wananiita Koko wa ku robine, na sijui kama wanajua ao wanaotea tu. Ninapima maharagi, ninatazama kopo. Mu shirika sisali tena kwa sauti ya juu, na nimeondoa neno ONG mu maombi yangu: nimesema, mbele ya wote, kwamba mjukuu wangu ni mutu wa teatre, na kwamba anatumika. Prezidante akaitika Amina kabla ya wengine. Kijana wake sasa anabeba ngoma za kikundi.

Na usiku ule ule wa siku ya ine, kabla ya chakula, niliweka kitenge cha ndege wa manjano juu ya meza, nikaita nyumba yote, nikawaambia: "Kitenge hii, kuanzia leo, ni nguo ya kazi. Ifuliwe siku ya Mungu, Jumapili, peke yake, isichanganywe na za jikoni. Ianikwe ndani ya parseli, si ku kamba ya inje. Na mutu yeyote asiivae, hata mimi. Nikiiomba, munikatalie."